Mazoezi na kupunguza uzito kwa mtu wa makamo mwenye maumivu ya viungo: mwongozo kamili

Mtu aliyevuka miaka 40 na ambaye goti, nyonga au kifundo cha mguu kimeanza kumsumbua hujikuta akipewa mashauri mawili yasiyopatana. Mmoja humwambia akipumzishe kiungo hadi maumivu yaishe. Mwingine humwambia apunguze uzito, tena haraka, na afanye mazoezi. Akimfuata wa kwanza, miezi hupita, misuli hunywea, mwili huzidi kunenepa na goti huzidi kuuma. Akimfuata wa pili bila mpango, huanza Jumatatu kwa kukimbia au kuruka kamba, na ifikapo Alhamisi hawezi kushuka ngazi bila kushika ukuta. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu huyo. Msimamo wake ni kwamba kiungo chenye maumivu kinahitaji kazi yenye kipimo, na kwamba kipimo hicho husomwa zaidi asubuhi ya siku inayofuata kuliko wakati zoezi lenyewe linaendelea.

Kinachotokea ndani ya kiungo

Ncha za mifupa inayokutana kwenye goti au nyonga zimefunikwa na gegedu, ambalo halina mishipa ya damu. Virutubisho vyake hutoka kwenye ute ulio ndani ya kiungo, na ute huo huingia vizuri pale gegedu linapobanwa na kuachiwa, kama sifongo inavyominywa na kufyonza tena. Kutembea, kukaa na kusimama, kukunja na kukunjua, vyote hufanya kazi hiyo. Kwa hiyo hofu ya kwamba kila hatua inalila gegedu haina msingi, mradi mzigo usipande ghafla kupita uwezo wa kiungo.

Jambo la pili ni misuli. Goti linapovimba au kuuma, neva zake hupeleka taarifa zinazoufanya mfumo wa fahamu upunguze amri kwa msuli wa mbele wa paja. Msuli huo hudhoofika hata kwa mtu anayetembea kila siku, na ukishadhoofika goti hukosa kinga yake kubwa dhidi ya mishtuko ya hatua. Juu ya hilo, umri wenyewe una mchango wake, kwa kuwa baada ya miaka 30 mwili hupoteza kati ya asilimia 3 na 8 ya misuli kila miaka kumi, na kasi hiyo huongezeka baada ya miaka 60. Kwa wanawake, kushuka kwa homoni ya estrojeni karibu na ukomo wa hedhi huharakisha upotevu wa mifupa na misuli, na wengi huanza kusikia maumivu ya viungo katika kipindi hichohicho hata kama hawajawahi kuumia.

Tatu ni uzito. Utafiti uliochapishwa mwaka 2005 na Messier na wenzake, kwa watu wanene wenye ugonjwa wa kulika kwa goti, ulionyesha kwamba kila kilo moja inayopungua mwilini hupunguza takriban kilo nne za mzigo unaolikandamiza goti kwa kila hatua. Anayepunguza kilo 5 humwondolea goti kilo 20 hivi kila anapokanyaga, na mtu hukanyaga maelfu ya mara kwa siku. Hata hivyo, mafuta ya mwili hayadhuru kwa uzito peke yake. Huzalisha pia kemikali zinazochochea uvimbe, na hii ni sababu mojawapo inayowafanya watu wanene wapate zaidi ugonjwa huu hata kwenye viungo vya vidole vya mikono, ambavyo havibebi mwili.

Hatua ya kwanza: hakikisha unajua unashughulika na nini

Maumivu mengi ya magoti na nyonga katika umri huu hutokana na kulika kwa viungo au udhaifu wa kano na misuli, na hayo hutibiwa kwa mazoezi. Yapo machache yasiyosubiri. Muone daktari kabla ya kuanza ikiwa kiungo kimevimba ghafla, kina joto na wekundu, hasa ukiwa na homa; ikiwa huwezi kuukanyagia mguu; ikiwa goti hukwama lisikunjuke au huachia ghafla ukiwa umesimama; ikiwa maumivu hukuamsha usiku na unakonda bila sababu; au ikiwa kigimbi kimoja kimevimba na kuuma, kwani huenda damu imeganda kwenye mshipa. Viungo vinavyokakamaa asubuhi kwa zaidi ya nusu saa, hasa vidole vya mikono yote miwili, huashiria baridi yabisi ya aina ambayo kinga ya mwili yenyewe hushambulia viungo, na ambayo ina dawa zake na inafaa itibiwe mapema. Mwenye jongo (gauti), kisukari kinachotibiwa kwa insulini au vidonge vinavyoshusha sukari, shinikizo la juu la damu lisilodhibitiwa, au aliyewahi kupata maumivu ya kifua akijitahidi, naye azungumze kwanza na daktari wake kuhusu mpango huu.

Sioni sababu ya kuanza na picha ya eksirei kwa kila mtu. Kuna watu wenye picha mbaya wanaotembea bila taabu, na wenye picha safi wanaoumia sana. Picha haikuambii unaweza kufanya nini kesho. Vipimo vitakavyokuongoza ni hivi unavyoweza kujipima nyumbani na kuviandika katika daftari pamoja na tarehe: uzito wako asubuhi kabla ya kula, mzunguko wa kiuno usawa wa kitovu, dakika unazoweza kutembea kabla maumivu hayajaongezeka, na mara ngapi unaweza kusimama na kukaa kwenye kiti ndani ya sekunde 30 ukiwa umekunja mikono kifuani. Kipimo hiki cha mwisho hutumiwa pia na wataalamu wa fiziotherapia, na ndicho kitakachobadilika mapema zaidi, kabla mizani haijaonyesha chochote.

Hatua ya pili: jifunze kuyasoma maumivu

Hii ndiyo hatua inayorukwa na wengi, na kwa maoni yangu ndiyo inayoamua kama mtu ataendelea au ataacha. Yape maumivu namba kutoka 0 hadi 10, ambapo 0 ni kutosikia chochote na 10 ni maumivu makali kuliko yote unayoweza kuyafikiria. Wakati wa zoezi, kati ya 0 na 2 ni salama. Kati ya 3 na 5 yanakubalika, ilimradi yashuke baada ya zoezi na kiungo kiwe kimerudi katika hali yake ya kawaida ifikapo asubuhi. Yakizidi 5, zoezi hilo kwa namna ulivyolifanya ni zito mno kwa sasa. Kipimo cha namna hii ndicho kinachotumika pia katika mpango wa GLA:D ulioanzishwa Denmark mwaka 2013, ambapo watu wenye matatizo ya magoti na nyonga hufundishwa mazoezi mara mbili kwa wiki kwa wiki sita.

Chukua mfano wa mama wa miaka 52 mwenye goti la kulia linalouma kwa kiwango cha 2 siku za kawaida. Leo ametembea dakika 25 na katika dakika za mwisho maumivu yamefika 4. Jioni yako kwenye 3. Kesho asubuhi, anapoteremka kitandani, anakanyaga hatua kumi za kwanza na kujiuliza maswali matatu: je, namba imerudi 2? Je, goti limevimba kuliko jana, kiasi kwamba mashimo ya pembeni mwa kilegesambwa, yaani kile kifupa cha mbele ya goti, hayaonekani? Je, linakunjika kama jana? Namba ikiwa 2 na goti halijavimba, kutembea dakika 25 kulimfaa, na anaweza kurudia mara mbili tatu kabla ya kuongeza. Namba ikiwa 4 au goti limejaa, hakuna jambo la kutisha lililotokea. Amezidisha tu, na siku inayofuata atembee dakika 15. Akifanya hivi kwa wiki chache, atakuwa amekijua kipimo chake mwenyewe.

Usichanganye maumivu ya kiungo na uchovu wa misuli. Misuli iliyofanya kazi mpya huuma ndani ya nyama ya paja au makalio, pande zote mbili, na uchungu huo huwa mkali kati ya siku ya kwanza na ya tatu kisha huisha. Huo haukatazi mazoezi. Maumivu yaliyo ndani ya mstari wa kiungo chenyewe, yanayochoma au kuambatana na uvimbe, ndiyo ya kupimwa kwa namba.

Unapolazimika kupunguza, fuata mpangilio: punguza kwanza kina cha mkunjo, kisha uzito unaoubeba, kisha idadi ya marudio. Siku za mazoezi ziwe za mwisho kuguswa, kwa sababu mazoea yakishakatika ni kazi kuyarudisha.

Hatua ya tatu: jenga misuli kabla ya kutafuta umbali

Wanaotaka kupungua hukimbilia kutembea mwendo mrefu. Ninashauri wiki tatu au nne za mwanzo nguvu kubwa ielekezwe kwenye misuli, na kutembea kubaki kule kulikozoeleka. Goti lenye paja lenye nguvu litabeba kilomita utakazoliongezea baadaye. Lisilo na nguvu litakurudisha kitandani.

Zoezi kuu ni kusimama kutoka kwenye kiti, na linastahili kufanywa kwa uangalifu. Tafuta kiti kigumu kisicho na magurudumu, ukiegemeze ukutani ili kisiteleze. Kaa kwenye nusu ya mbele ya kiti, nyayo zikiwa sakafuni kwa upana wa nyonga, na visigino uvivute nyuma kidogo ili viwe ndani ya usawa wa magoti. Inamisha kiwiliwili mbele kutoka kwenye nyonga, mgongo ukiwa umenyooka, hadi pua ikaribie usawa wa vidole vya miguu. Sasa bonyeza sakafu kwa unyayo mzima na usimame huku ukitoa pumzi. Tazama magoti yako: yasielekeane ndani, bali kila moja lifuate kidole cha pili cha mguu wake. Kosa la kuyaacha magoti yagongane ndilo la kawaida zaidi, na kulirekebisha peke yake mara nyingi hushusha maumivu papo hapo. Ukishasimama wima, bana makalio kwa muda mfupi, kisha shuka kwa kuhesabu moja hadi tatu, ukipeleka makalio nyuma, bila kujiangusha. Kushuka polepole ndiko kunakojenga zaidi, na ndiko kunakokuandaa kwa ngazi.

Ikiwa namba inapita 5, weka mto mgumu juu ya kiti ili usishuke sana, au sukuma kidogo kwa mikono. Ikiwa inabaki 2 na unamaliza mara 12 bila taabu, ondoa mto. Kisha shuka kwa kuhesabu hadi tano. Kisha shikilia kifuani chupa ya maji au kitu cha kilo 2, 4, na kuendelea. Mguu usio na tatizo unaweza pia kusogezwa mbele kidogo ili mguu wenye tatizo, uliobaki nyuma, ufanye kazi kubwa zaidi. Kwa mtu ambaye hata kiti chenye mto kinamshinda, aanze akiwa amelala chali au amekaa mguu ukiwa umenyooshwa, abane msuli wa mbele wa paja kana kwamba anataka kulibonyeza goti chini, ashikilie sekunde 5, aachie, na arudie mara 10 asubuhi na jioni.

Zoezi la pili ni kuinua nyonga: lala chali, kunja magoti, nyayo chini, bana makalio na inua nyonga hadi mabega, nyonga na magoti viwe kwenye mstari mmoja, shikilia sekunde 3, shuka taratibu. Zoezi la tatu ni la ubavuni mwa nyonga, misuli inayozuia kiuno kuyumba unapotembea: lala ubavu, kunja mguu wa chini, nyoosha wa juu na uuinue kiasi cha sentimita 30, kisigino kikitangulia kidogo nyuma, vidole vikiangalia mbele na si juu. La nne ni kupanda kidaraja cha sentimita 10, ukikanyaga kwa unyayo mzima na kushuka taratibu kwa mguu uleule. Kimo kiongezwe hadi sentimita 15 na 20 kadiri namba inavyoruhusu. La tano ni kunyanyuka kwa vidole ukiwa umeshika meza au ukuta, kwa ajili ya vigimbi na vifundo vya miguu.

Mwili wa juu usisahauliwe, kwani misuli yake ni sehemu ya ile unayotaka kuilinda wakati uzito unashuka. Kusukuma ukuta ukiwa umesimama hatua moja kutoka ukutani, na kuvuta mkanda wa mpira uliofungwa mahali imara kuelekea kiunoni, vinatosha kwa kuanzia. Mwenye bega linalouma afanye kazi chini ya usawa wa bega hadi maumivu yatulie.

Fanya kila zoezi mara 8 hadi 12, raundi mbili au tatu, siku mbili au tatu kwa wiki, na uache walau siku moja katikati. Ugumu unaofaa ni ule ambao marudio mawili matatu ya mwisho ni mazito kweli lakini bado unayafanya kwa usahihi. Wengi hubaki kwenye uzito wa mwanzo kwa miezi, kisha hulalamika kwamba mazoezi hayawasaidii. Misuli isiyoongezewa kazi haina sababu ya kukua. Usizuie pumzi unapojitahidi, hasa ukiwa na shinikizo la juu la damu.

Hatua ya nne: mazoezi ya moyo na pumzi

Shirika la Afya Duniani, katika mapendekezo yake ya mwaka 2020, linataka mtu mzima afanye mazoezi ya kiasi kwa dakika 150 hadi 300 kwa wiki, pamoja na mazoezi ya misuli siku mbili au zaidi. Zichukue dakika hizo kama mahali pa kufika baada ya miezi. Anayeweza kutembea dakika 8 tu kabla goti halijaanza kulalamika atembee dakika 6, mara tatu kwa siku. Mwilini zinahesabika 18. Akiongeza asilimia 10 hivi kwa wiki, na kusimama palepale wiki ambayo goti limekasirika, atafika bila kuumia. Ukali wa kiasi hupimwa kwa mazungumzo: unaweza kusema sentensi nzima, lakini huwezi kuimba.

Ikiwa kutembea kunauma hata kwa dakika chache, maji ndiyo mahali bora pa kuanzia. Mtu aliyesimama kwenye maji yanayofika kiunoni hubeba takriban nusu ya uzito wake. Yakifika kifuani hubeba kama theluthi. Yakifika shingoni hubaki na sehemu moja ya kumi hivi. Huhitaji kujua kuogelea. Kutembea mbele, nyuma na ubavu kwenye maji ya kifuani, kwa kasi inayokufanya uhisi maji yanakupinga, ni mazoezi kamili ya moyo na ya nyonga. Anayeogelea na goti linamuuma aepuke mtindo wa kuogelea kama chura, maana teke lake hulipinda goti kwa pembeni.

Baiskeli, ya barabarani au ya mazoezi ya ndani, inafuata kwa ubora. Siri yake iko kwenye kiti. Kanyagio likiwa chini kabisa, goti libaki limekunjwa kidogo tu. Kiti kikiwa chini mno, goti hukunjwa sana kila mzunguko na sehemu ya nyuma ya kilegesambwa hukandamizwa. Anza na ugumu mdogo na mizunguko ya haraka.

Kwa wanaotembea, chagua sehemu tambarare na ngumu ya wastani. Kushuka mlima hulielemea goti kuliko kupanda, hivyo kwenye kilima shuka kwa hatua fupi. Viatu viwe vyepesi, vinavyopindika mbele, visivyo na kisigino kirefu. Zaidi ya hapo sioni haja ya kugharimika. Mwenye maumivu ya goti au nyonga ya upande mmoja anaweza kutumia mkongojo, ambao hushikwa kwa mkono wa upande usiouma na kusogea pamoja na mguu unaouma. Kuona aibu kuutumia kunawanyima watu kilomita nyingi ambazo wangeweza kuzitembea.

Na kukimbia? Hakukatazwi milele. Wanaokimbia kwa burudani hawaonekani kuwa na magoti yaliyolika zaidi kuliko wasiofanya mazoezi. Lakini kwa mtu anayeanza akiwa na uzito mkubwa na goti linalouma, kukimbia na kuruka kusubiri hadi aweze kutembea kwa kasi dakika 30, kupanda kidaraja cha sentimita 20 mara 10 kwa kila mguu bila kuvuka namba 2, na aanze kwa kubadilisha dakika moja ya kukimbia polepole na mbili za kutembea.

Hatua ya tano: uzito hushuka mezani

Ni vizuri jambo hili lisemwe wazi, kwa sababu watu hujilaumu bila sababu. Mtu wa kilo 85 anayetembea kwa haraka nusu saa hutumia kama kalori 150 hadi 180. Kilo moja ya mafuta ina zaidi ya kalori 7,000. Kwa kutembea peke yake, bila kugusa chakula, angehitaji matembezi zaidi ya 40 ili kuondoa kilo moja. Utafiti wa IDEA uliochapishwa mwaka 2013 nchini Marekani uliwafuatilia watu 454 wenye uzito uliozidi na magoti yaliyolika kwa miezi 18. Waliofanya mazoezi tu walipungua takriban kilo 2. Waliorekebisha chakula tu, karibu kilo 9. Waliofanya yote mawili, zaidi kidogo ya kilo 10, na ndio waliokuwa na nafuu kubwa zaidi ya maumivu na mwendo. Mazoezi huleta pumzi, nguvu, usingizi na nafuu ya kiungo, na hulinda misuli isiyeyuke pamoja na mafuta. Kupungua kwenyewe hutoka zaidi kwenye sahani.

Lengo la kwanza liwe asilimia 5 ya uzito wako, yaani kilo 4 na nusu kwa mwenye kilo 90, kisha asilimia 10. Kupunguza kama kalori 500 kwa siku kutoka kwenye unachokula sasa huleta takriban nusu kilo kwa wiki katika miezi ya mwanzo. Mahali rahisi pa kuzipata ni kwenye vinywaji vyenye sukari, mafuta ya kupikia yanayomiminwa bila kupimwa, vitafunio vya kati ya milo, na sehemu ya pili ya wanga kwenye chakula cha usiku. Protini isipunguzwe. Gramu 1.2 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, ikigawanywa katika milo yote, ni kiasi kinachofaa kwa mtu anayepungua huku akijenga misuli, isipokuwa mwenye ugonjwa wa figo, ambaye lazima aelekezwe na daktari. Kufunga kwa ukali au kukonda haraka mno kunaweza kuamsha jongo kwa mwenye ugonjwa huo, na kwa kila mtu huondoa misuli uliyoitolea jasho.

Wiki moja inavyoweza kupangwa

Jumatatu, Jumatano na Ijumaa ziwe za misuli, dakika 30 hadi 40, zikitanguliwa na dakika 5 hadi 10 za kuupasha mwili joto kwa kutembea polepole na kuzungusha viungo. Jumanne, Alhamisi na Jumamosi ziwe za maji, baiskeli au kutembea. Jumapili upumzike, lakini usikae siku nzima. Anayekakamaa sana asubuhi apange mazoezi mchana au jioni. Katika siku zote, kazi ya kukaa ikatizwe kila nusu saa au saa moja kwa kusimama na kukunjua magoti mara chache. Hatua hizi ndogo hazichoshi na hupunguza ule ukakamavu wa kuinuka.

Kiungo kinapochafuka

Zitakuja siku ambazo maumivu yatapanda bila wewe kukosea popote. Punguza kazi kwa nusu kwa siku mbili tatu, hamia kwenye maji au baiskeli nyepesi, endelea kukunja na kukunjua kiungo bila uzito, na tumia barafu iliyofungwa kwenye kitambaa kwa dakika 15 ikiwa kuna uvimbe, au joto ikiwa kuna ukakamavu. Kisha rudi kwenye robo tatu ya kiasi ulichokuwa nacho, na wiki inayofuata kwenye kiasi chote. Kuacha kabisa kwa wiki mbili kutakugharimu zaidi kuliko maumivu yenyewe.

Usimeze dawa za kundi la ibuprofeni kabla ya mazoezi ili uweze kufanya zaidi: zinaficha namba unayopaswa kuisoma, na zikitumika mara kwa mara huathiri tumbo, figo na shinikizo la damu. Vidonge vya glukosamini, vinavyouzwa kwa ahadi nyingi, havipendekezwi kwa magoti na nyonga katika mwongozo wa mwaka 2019 wa American College of Rheumatology, chama cha Marekani cha madaktari wa magonjwa ya viungo, wakati mwongozo huohuo unapendekeza kwa nguvu mazoezi, kupunguza uzito, tai chi (mazoezi ya polepole yenye asili ya China) na mkongojo. Ningetamani fedha zinazotumika kwenye chupa hizo zilipie vikao viwili vya mtaalamu wa fiziotherapia wa kukukagua unavyosimama na kushuka ngazi.

Baada ya wiki 12

Fungua daftari na urudie vipimo vyote vya mwanzo kwa namna ileile. Ikiwa unasimama kwenye kiti mara nyingi zaidi na kutembea kwa muda mrefu zaidi lakini uzito haujashuka, mazoezi yako ni sahihi na kinachohitaji kurekebishwa ni chakula. Pima unachokula kwa wiki moja kabla ya kubadilisha kitu kingine. Ikiwa uzito umeshuka lakini kusimama kwenye kiti hakujaongezeka, unapoteza misuli: ongeza uzito unaoubeba na protini, na punguza kasi ya kukonda. Ikiwa kiuno kimepungua na mizani imesimama, endelea kama ulivyo. Na ikiwa umefuata mpango kwa uaminifu na maumivu bado yanavuka 5 katika kazi za kawaida za nyumbani, rudi kwa daktari ukiwa na daftari hilo mkononi, kwa sababu ataona humo ulichofanya, kiungo kilivyojibu, na kama wakati umefika wa kuzungumzia sindano, uchunguzi zaidi au upasuaji.